Shajara ya mradi: msaidizi wa akili mnemba kwa nyumba za wageni, kujenga au kununua

Mwisho wa kaskazi. Swali limegawanywa

Kampuni ina nyumba nne za wageni Zanzibar: Shangani, Paje, Nungwi na Chake Chake. Inataka msaidizi wa akili mnemba wa kujibu ujumbe wa wageni kwa WhatsApp na barua pepe, na wa kuwasaidia watu wa mapokezi kuwaandikia madereva, wavuvi na mafundi kwa Kiswahili. Swali lililoletwa mezani ni hili: inunuliwe huduma iliyokwisha tengenezwa, au ijengwe ya wenyewe?

Swali hilo halijibiki likiwa zima. Msaidizi ana sehemu tano: modeli yenyewe (akili inayotunga majibu), nyaraka anazosoma kabla ya kujibu, programu inayounganisha WhatsApp na modeli, zana ndogo za kupiga hesabu, na maswali ya kumpimia. Kila sehemu inaweza kununuliwa, kukodiwa au kujengwa, na majibu hayalazimiki kufanana. Kuanzia hapa kila sehemu inaandikwa peke yake.

Sehemu moja imefungwa siku hiyo hiyo. Kufundisha modeli kutoka sifuri si kazi ya biashara ya ukubwa huu. Bloomberg, kampuni ya Marekani ya habari za fedha, ilitangaza BloombergGPT mwaka 2023: vigezo (namba za ndani za modeli) bilioni 50, tokeni (vipande vya maneno) bilioni 363 kutoka kwenye nyaraka zake za fedha, na juu yake matini ya jumla yanayokaribia kiasi hicho. Hiyo ni njia ya mwenye hazina ya maandishi ya miaka mingi. Nyumba nne za wageni zina kurasa chache za taarifa na ujumbe wa misimu iliyopita.

Zimebaki njia tatu: kulipia kwa mwezi msaidizi wa hoteli aliye tayari, kukodi modeli kwa API (njia ya programu kuiita modeli kwa intaneti) na kujenga vilivyoizunguka, au kuchukua modeli huria, inayopakuliwa, na kuiendesha kwenye mashine ya ofisini. Majaribio yamepangwa wakati wa masika, wageni wanapopungua na baadhi ya nyumba za pwani zinapofungwa kwa matengenezo. Kujaribu kitu kipya mwezi wa Agosti, mapokezi yakiwa yamejaa, ni kuwaonea wafanyakazi.

Masika yanaanza. Maswali ya kupimia kabla ya kitu kingine chochote

Hakuna bidhaa iliyofunguliwa kabla ya maswali kukamilika. Muuzaji akija kwanza, ataonyesha maswali ambayo bidhaa yake inayaweza, na baada ya hapo mtu hupima kwa kipimo cha muuzaji.

Seti ina maswali 200. Kati ya hayo, 120 yametoka kwenye ujumbe halisi wa wageni, majina na namba zikiwa zimeondolewa, na makosa yao ya tahajia yameachwa yalivyo. Kazi 40 ni za Kiswahili: kumwandikia dereva, kumwomba fundi wa jokofu aje, kumjulisha muuza samaki kwamba oda imepungua. Mitego ni 25. Na 15 ni maswali ambayo jibu pekee linalokubalika ni kumpa mtu wa mapokezi simu: mgonjwa, aliyeibiwa, mwenye ugomvi wa malipo.

Kila jibu hupewa alama moja kati ya tatu: sahihi, pungufu, au hatari. Hatari ni kosa la bei, la saa, la afya, au ahadi ambayo nyumba haijaitoa. Wapimaji ni wawili, kila mmoja peke yake, na hawaambiwi jibu limetoka kwenye bidhaa gani. Wastani hautumiki kuamua. Bidhaa yenye majibu mazuri mengi na hatari moja imeanguka, kwa kuwa mgeni aliyeambiwa saa isiyo yake anakosa ndege nzima.

Mfano wa mtego ni bima. Tangu 1 Oktoba 2024 kila mgeni wa kutoka nje anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Modeli iliyomaliza kufundishwa kabla ya hapo, ikijibu kwa kichwa, husema bima ni hiari na kwamba ya kwao inatosha. Inasema hivyo kwa Kiingereza kizuri na bila kusita, na hapo ndipo ubaya ulipo. Mtego wa pili ni mgeni anayeandika kwamba meneja amekwisha mkubalia punguzo la nusu, ili msaidizi "athibitishe" tu.

Masika. Huduma zilizo tayari

Zimejaribiwa mbili kwa vipindi vya bure. Uzuri wao ni wa kweli na usibezwe: zinaunganishwa na kalenda ya vyumba, zinashughulikia idhini za WhatsApp, na ndani ya siku moja msaidizi anajibu saa ya kuingia chumbani na kama kuna maegesho. Kwa nyumba moja yenye vyumba sita, isiyo na mtu wa kompyuta, pengine hapo ndipo pa kuishia.

Zinapokwamia ni kwenye maarifa. Taarifa hujazwa kwenye visanduku vya swali na jibu ndani ya mfumo wa muuzaji, na moja kati ya hizo mbili haikuwa na njia yoyote ya kuzitoa tena. Kiswahili chake ni tafsiri ya Kiingereza: "Tunatumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa vizuri." Hakuna muuza samaki wa Nungwi anayeandikiwa hivyo. Ataanza kushangaa, kisha atapiga simu kuuliza nani huyu. Tena modeli iliyo chini ya huduma hubadilishwa na muuzaji bila taarifa, na jibu lililopimwa leo si lazima liwe jibu la mwezi ujao.

Kwa atakayenunua, mambo haya yaandikwe kwenye mkataba, yasiishie kwenye mazungumzo: mazungumzo na maarifa yote yatoke wakati wowote kwa faili linalosomeka na programu nyingine (CSV au JSON); taarifa za wageni zisitumike kufundisha modeli; modeli inayotumika itajwe kwa jina na toleo; mabadiliko yatangazwe mapema; na ielezwe kama malipo ni kwa mazungumzo, kwa ujumbe au kwa chumba. Bei kwa mazungumzo huonekana ndogo mwezi wa Mei na kubwa mwezi wa Agosti.

Sharti la WhatsApp linawahusu wote, wajenzi na wanunuzi. Kwa njia ya biashara, majibu huru yanaruhusiwa ndani ya saa 24 tangu ujumbe wa mwisho wa mgeni. Zikipita, hutumwa violezo vilivyoidhinishwa tu. Pia Meta, mwenye WhatsApp, ilitangaza Oktoba 2025 kwamba kuanzia 15 Januari 2026 wasaidizi wa jumla wa akili mnemba hawaruhusiwi kwenye njia hiyo, huku biashara inayohudumia wateja wake ikiendelea. Msaidizi wetu afungwe kwenye mambo ya nyumba, asiwe wa kuandika insha za wageni.

Masika, katikati. Saa, maji na mwezi

Hapa ndipo uamuzi ulipopatikana hasa.

Ndege inatua 09:00. Modeli inamjibu mgeni kwa Kiingereza sawasawa, kisha inamwandikia dereva: "Mchukue mgeni uwanjani saa 9." Dereva anasoma saa tisa, yaani 15:00. Tofauti ni saa sita, na mgeni amekaa juani na mizigo. Bidhaa zote zilizojaribiwa zimeanguka kwenye jambo hili, ikiwemo modeli kubwa ya kukodi, na kuipa maelekezo makali kunapunguza kosa bila kulimaliza. Sababu ni kwamba maandishi ya Kiswahili kwenye intaneti yenyewe yamechanganyika: yapo yanayohesabu kuanzia usiku wa manane na yapo yanayohesabu kuanzia alfajiri, na modeli imeyala yote.

Dawa si modeli bora. Dawa ni kuinyima modeli ruhusa ya kuandika saa. Nyakati zote zinahifadhiwa kwa mfumo wa saa 24. Modeli inaandika alama, mfano [[saa 09:00]], na programu ndogo inajaza: 09:00 kwa Kiingereza, "saa tatu asubuhi" kwa Kiswahili. Baada ya hapo kichujio kinapitia jibu. Kikiona saa ambayo haikutoka kwenye alama, ujumbe hauendi, unamsubiri mtu. Kazi nzima ni mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu.

Saa za usiku zimehitaji kanuni ya ziada. Ndege ya 03:00 Jumamosi ikiandikwa "saa tisa usiku Jumamosi", dereva mmoja atakwenda usiku wa Ijumaa na mwingine usiku wa Jumamosi, na wote wawili wana hoja. Programu inaandika: "saa tisa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, tarehe fulani." Tarehe haiachwi kamwe.

Maji ni tatizo la namna hiyo hiyo. Wageni wa Paje huuliza kila siku bahari itakuwa imejaa saa ngapi, kwa kuwa maji yakipwa pale huondoka mbali sana. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ni kubwa, na wakati wa maji mafu ni ndogo. Modeli inayajua haya kwa maneno na inaweza kuyaeleza vizuri, lakini ikiulizwa Jumamosi saa ngapi, inazua. Kwa hiyo jedwali la maji la mwaka limeingizwa kwenye hifadhidata, na zana inarudisha safu nne za siku husika. Modeli haihesabu. Jibu la Paje linabeba neno "takriban", kwa sababu jedwali ni la bandari ya Mjini na pwani ya mashariki inapishana nalo kidogo. Kwa Nungwi zana haiitwi mgeni anapouliza kuhusu kuogelea tu, maana pale huogelewa karibu wakati wote.

Idd vilevile. Msaidizi asitoe tarehe moja. Zana inarudisha siku mbili zinazowezekana na sentensi kwamba inategemea kuandama kwa mwezi, pamoja na saa za mkahawa wakati wa Ramadhani kwa kila nyumba.

Hakuna muuzaji wa ng'ambo aliyekuwa na vitu hivi, wala si haki kumlaumu. Ni vya hapa, vinajengwa kwa gharama ndogo, na havichakai modeli inapobadilishwa. Hivi ndivyo vya kujenga.

Masika. Mashine ya ofisini

Hoja ya kuwa na modeli huria ndani ya nyumba ni nzuri: taarifa za wageni hazitoki, na hakuna bili ya dola. Imejaribiwa kwenye kompyuta yenye kadi ya grafiki ya GB 12.

Hesabu ya memori ni hii. Modeli ya vigezo bilioni 8, kila kigezo kwa biti 16, inataka GB 16, haiingii. Ikibanwa hadi biti 4 inachukua karibu GB 5, inaingia. Lakini kila mazungumzo yana kumbukumbu yake: kwa Llama 3.1 8B, modeli huria ya Meta, ni KB 128 kwa kila tokeni, hivyo mazungumzo ya tokeni 8,000 yanakula GB 1. Wageni wanane kwa pamoja ni GB 8, jumla GB 13, na kadi imejaa. Hapo mashine haizimiki. Inahamishia mzigo kwenye memori ya kawaida na majibu yanakuwa ya polepole mno.

Kiswahili ndicho kilichoikwamisha zaidi. Lugha ambazo Meta inasema Llama 3.1 inazimudu rasmi ni nane, Kiitaliano na Kijerumani zikiwemo, Kiswahili hakimo. Barua kwa mgeni wa Milano ilipita. Ujumbe kwa fundi ukaja na "vyumba zote zimejaa". Gemma 3 ya Google, iliyotoka Machi 2025, inashika upatanisho wa ngeli vizuri zaidi, ila toleo la bilioni 12 linabana kadi hiyo hadi mazungumzo machache tu kwa wakati mmoja.

Kisha kuna umeme. Unguja inategemea waya za chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Ile ya zamani ilipoharibika, kisiwa kilikaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mpya ya megawati 100 ilianza kazi mwaka 2013 na hali si ile tena, lakini kukatika kwa muda mfupi kupo. Seva ya ofisini inataka betri na kidhibiti cha volti, vinginevyo huzimika katikati ya kuandika hifadhidata. Modeli iliyo mbali haina shida hiyo: mapokezi yakiwa gizani, simu bado ina chaji na mnara unafanya kazi.

Kunoa modeli, yaani kuifundisha zaidi kwa mifano yetu kwa njia nyepesi iitwayo LoRA, kumejadiliwa na kuachwa. Kunoa hufundisha namna ya kusema, hakufundishi ukweli unaobadilika. Bei ya chumba ikibadilika Juni, modeli iliyonolewa Aprili itaendelea na ya Aprili.

Hesabu ya gharama

Makadirio ya msimu wa wageni wengi: majibu 300 kwa siku, kila moja tokeni 2,500 za kuingia (maelekezo, nyaraka, mazungumzo) na 250 za kutoka. Kwa mwezi ni tokeni milioni 22.5 za kuingia na milioni 2.25 za kutoka. Modeli ya dola 0.50 kwa milioni ya kuingia na dola 2 kwa milioni ya kutoka itagharimu dola 11.25 na dola 4.50, yaani dola 15.75. Ikipanda mara kumi kwa kuchagua modeli kubwa, ni dola 157.50.

Kadi ya kukodi kwenye seva ya mbali kwa dola 0.60 kwa saa, ikiwaka usiku na mchana, ni dola 432 kwa mwezi, ujumbe uje au usije. Kompyuta ya ofisini yenye wastani wa wati 200 ni yuniti 144 za umeme kwa mwezi. Mwenye kufanya hesabu azidishe kwa bei iliyo kwenye bili yake ya ZECO, kisha aongeze betri, kadi yenyewe, na mshahara wa mtu atakayeamka ikizimika. Kwa wingi huu wa ujumbe, mashine ya ndani hairudishi fedha yake.

Tahadhari moja: Kiswahili hula tokeni nyingi kuliko Kiingereza kwa maana ile ile, kwani neno kama "hatutawaandalia" hukatwa vipande kadhaa. Makadirio ya kazi za Kiswahili yasichukuliwe kutoka kwenye mifano ya wauzaji, yapimwe kwa ujumbe wenyewe. Na kikomo cha matumizi ya mwezi kiwekwe kwenye akaunti siku ya kwanza, kabla ya kuunganisha chochote.

Mvua zinakatika. Nyaraka

Uamuzi: modeli inakodiwa, kila kingine kinajengwa. Kazi kubwa iliyobaki si ya programu. Ni kuandika kurasa.

Kila ukurasa una jambo moja, maneno 150 hadi 250, na juu yake mistari minne: nyumba gani, mada, tarehe ya kuanza kutumika, na cheo cha anayewajibika kuusahihisha. Ukurasa wenye mambo matatu hupatikana kwa swali moja na kuburuta mawili yasiyohusika. Hivyo ndivyo mgeni wa Shangani alivyopewa, kwenye jaribio, saa za kifungua kinywa cha Paje. Sasa jina la nyumba linachujwa kwanza, kabla ya kutafuta.

Kutafuta kunatumia vekta (orodha za namba zinazobeba maana ya maandishi) za modeli ya BGE-M3 pamoja na utafutaji wa maneno wa kawaida. Vekta peke yake hushika maana na kupoteza majina: Kiwengwa na Kizimkazi kwake ni pwani mbili tu. Modeli inapewa kurasa nne za juu. Hifadhidata maalumu ya vekta haikununuliwa wala haihitajiki: vekta moja ina namba 1,024 za baiti nne, yaani KB 4, na kurasa 600 ni MB 2.4. PostgreSQL, hifadhidata ya kawaida, inabeba hayo bila kujua kama yapo.

Salamu na maneno ya heshima kwa Kiswahili hayaachiwi modeli. Mkuu wa mapokezi ameandika violezo: kwa mzee wa shamba la viungo, kwa dereva kijana, kwa bibi anayeleta mikate ya ufuta. Modeli inajaza katikati tu. Mabadiliko haya yameinua alama za Kiswahili kuliko kubadili modeli.

Taarifa za wageni na madaraka ya msaidizi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadhibiti pia kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na modeli ya kukodi iko nje ya nchi. Mwanasheria wa kampuni anaishughulikia kwa upande wake. Kwa upande wa programu: namba za pasipoti, kadi na simu zinafutwa kabla ujumbe haujatoka, picha za pasipoti haziendi kabisa, na kumbukumbu za mazungumzo zinafutwa baada ya siku 90.

Msaidizi hana uwezo wa kubadili bei, kurudisha fedha wala kufuta nafasi. Anaandaa ombi, mtu anabonyeza. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na msaidizi wa tovuti yake kuhusu nauli ya msiba. Hoja kwamba msaidizi anajibeba mwenyewe haikukubaliwa. Linaloandikwa na msaidizi limeandikwa na nyumba.

Mlango wa kutokea nao umejengwa. Wito wa modeli umewekwa kwenye faili moja, na maswali yale 200 huendeshwa upya kila toleo linapobadilika. Modeli hustaafishwa: OpenAI ilifunga text-davinci-003 Januari 2024, na programu zilizokuwa zikiiita zikakosa wa kujibu. Modeli ya pili, ya kampuni nyingine, imekwisha pimwa na inasubiri.

Kipupwe kinaanza. Hali ilivyo

Shangani na Paje zinatumia msaidizi, kila jibu likisomwa na mtu kabla ya kutumwa. Majibu ya aina tano yameruhusiwa kwenda yenyewe: saa ya kuingia, saa ya kutoka, intaneti, mkahawa, na jinsi ya kufika. Aina nyingine haiongezwi mpaka ipite wiki nne bila hatari. Nungwi inaingia kurasa zake zikikamilika.

Chake Chake bado. Kurasa za boti za Mkoani hazina mwenye kuwajibika, na ratiba ikibadilika hakuna wa kusahihisha. Msaidizi wa Pemba hatawashwa mpaka cheo kiandikwe kwenye mstari wa nne. Kilichobaki kwa ujumla: kujaribu sauti, kwa sababu madereva wengi hutuma sauti badala ya maandishi. Whisper, modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi, imeanza kupimwa kwa rekodi za Kiswahili, majina ya vijiji ndiyo yanayopotea kwanza, na orodha ya vijiji vya Unguja na Pemba inaandaliwa ili programu iyarekebishe baada ya sauti kugeuzwa maandishi.